Miaka Mitatu Niliyomkata Mdogo Wangu

Wapenzi wa mpira wakikaa pamoja, hasa hawa wetu wa Kongo wanaouza simu chini ya jengo letu hapa South Beach, hawakosi kufika kwenye hadithi ya yule winga wa kushoto aliyesifiwa sana halafu akapotea. "Kelele zilikuwa nyingi, mpira hakuna," anasema mmoja. Mwingine anasema alipenda starehe. Wa tatu, ambaye hajawahi hata kumwona akigusa mpira, anaapa kwamba alirogwa. Mimi niko hapo hapo mlangoni mwa saluni, nasuka kichwa cha mtu, nasikia yote. Zamani nilikuwa natoka na kitana mkononi nawatukana mpaka wanarudi nyuma ya kaunta yao. Siku hizi nakaa kimya. Winga huyo ni mdogo wangu, tumbo moja, na aliyemharibia mpira ni mimi, wala sikutumia uchawi.

Tulifika Durban mimi na yeye tu. Mama alikuwa amefariki tukiwa bado nyumbani, na baba tulipotezana naye wakati wa kukimbia, hatukumwona tena. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, yeye kumi na sita. Siku ya kwenda kuomba makaratasi ya ukimbizi tulipanga foleni toka asubuhi, na kwenye foleni ndiko watu wetu wanakopeana akili. Mbele yangu alisimama mama mmoja mnene kutoka Uvira, mwenye sauti ya kuuza samaki, ambaye alikuwa ameshapita njia hiyo. Akamtazama mdogo wangu kutoka juu mpaka chini.

"Huyu ni nani yako?"

"Mdogo wangu."

"Iko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Weee! Usiandike hivyo. Kesho kutwa huyu ni mkubwa, watamfungulia faili yake mwenyewe. Wewe wakupe karatasi, yeye wamnyime, utafanya nini? Andika kumi na tatu. Na usiseme mdogo, sema mtoto. Mtoto hawamtoi kwa mama yake."

Nilipiga hesabu haraka haraka. Mwanamke wa miaka ishirini na mitano mwenye mtoto wa kumi na tatu, hata kipofu angeuliza maswali. Basi yeye nikampunguza mitatu, mimi nikajiongeza minne. Niliingia ndani dada mtu, nikatoka mama wa mtoto. Sikumuuliza mdogo wangu chochote. Alikuwa amesimama pembeni yangu, amechoka, anaangalia viatu vyake, na nilipomwambia njiani kwamba kuanzia leo una kumi na tatu na mimi ni mama yako, alisema tu, "Basi utanipikia."

Kwetu sisi hilo halikuwa jambo la kwenda kutubu. Karibu kila mtu niliyemjua alikuwa na miaka ya kuzaliwa na miaka ya karatasi, na wachezaji wao walikuwa na miaka ya mpira, wakiitaja huku wanacheka. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika, akina mama wa kanisa walituletea keki ya mishumaa kumi na minne. Mdogo wangu, mtu wa kumi na saba, ndevu zimeshaanza kumchoma kidevuni, akaizima yote kwa pumzi moja halafu akaniangalia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye alicheka, namshukuru Mungu kwamba siku hizo alikuwa bado anacheka.

Ndevu ndizo zilitupa kazi. Nilimnunulia wembe nikamwambia kila asubuhi kabla ya shule anyoe, asiache hata kivuli. Darasani alikaa nyuma kabisa, magoti hayaingii chini ya meza, amezungukwa na watoto ambao sauti zao hazijavunjika. Alivumilia. Alikuwa na mpira, na mwenye mpira anavumilia mengi.

Jumapili baada ya ibada timu zetu za wageni zilikuwa zinacheza Isipingo, kwenye uwanja ulio jirani na stendi ya taxi. Wakongo, Watanzania, Warundi, Wamalawi, kila mtu na jezi yake ya mtumba. Mdogo wangu alicheza upande wa kushoto, upande ule wa stendi. Alikuwa na mtindo mmoja ambao sijamwona nao mtu mwingine. Anapokea mpira, anausimamisha kabisa chini ya mguu, halafu anageuza uso kutazama kule kwenye taxi, kama mtu aliyeitwa jina lake. Beki naye anageuka kutazama kuna nini. Hapo hapo mdogo wangu keshapita, na sisi wanawake pembeni tunapiga vigelegele. Alifanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili, watu wanajua kabisa kwamba atafanya, na bado walikuwa wanageuka.

Kocha alitujia huko huko Isipingo. Alikuwa mzee wa Kizulu, mfupi, mwenye kofia na filimbi shingoni, mwalimu wa timu ya vijana ya klabu moja kubwa. Baada ya mechi alikuja moja kwa moja kwangu, maana walimwambia mimi ndiye mama wa kijana.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne," nikasema, macho makavu.

Kocha alivua kofia akajikuna kichwa. Akamtazama mdogo wangu aliyekuwa anakunywa maji, akanitazama mimi, akamtazama tena. Alisema kwamba katika miaka yake yote hajaona mtoto wa kumi na minne anayecheza hivyo. Na mimi, badala ya kuogopa, nilivimba kichwa. Nilitembea mpaka kwenye taxi kama niliyemzaa kweli.

Basi, akachukuliwa. Kuanzia hapo kila kitu kikaenda mbio. Aliwafunga watoto wa timu nyingine mabao mpaka ikawa aibu. Gazeti likaandika juu ya kijana wa ajabu, na picha yake niliibandika kwenye kioo cha saluni, wateja wakawa wanajitazama nywele huku wanamtazama yeye. Mchungaji alimwita mbele akamwekea mikono. Wenzetu wa simu walianza kuniita Mama Mpira, wakaniletea soda. Mtangazaji mmoja wa redio alisema huyu, akifika ligi kuu, tutasahau wote waliotangulia. Nilimwambia mdogo wangu maneno hayo yakiwa bado moto. Alikuwa anakula. Akasema, "Yaya, nawafunga watoto." Yaya ndivyo sisi tunavyomwita dada mkubwa, na nyumbani, mlango ukishafungwa, aliniita hivyo daima.

"Mabao ni mabao," nikamjibu.

Sikumsikia. Leo namsikia vizuri sana, kila neno. Alikuwa ananiambia kitu na mimi nilikuwa nahesabu picha za gazeti.

Miaka ikapita. Karatasi ilisema kumi na saba, yeye ana ishirini. Vijana wa umri wake wa kweli walikuwa wanacheza ligi kuu, anawaona kwenye televisheni, na yeye Jumamosi anaenda kucheza na watoto wa shule. Nilianza kuona mabadiliko. Akawa anatembea uwanjani. Anangoja mpira umfuate. Akiupata anasimama, anasubiri mtoto wa watu aje ateleze, anamweka bega, anapita. Hakuwa na haja ya kukimbia wala kufikiri. Na bado walimsifu, bado walisema ngojeni akomae, msimharakishe, mwacheni awe mtu mzima kwanza.

Siku moja alikuja saluni mchana, akangoja mpaka mteja ametoka, akafunga mlango.

"Yaya, mi niko na miaka ishirini."

"Shhh!"

"Hakuna mtu hapa. Ishirini. Kocha anasema nikae na vijana miaka miwili tena. Miwili! Nitatoka hapo na ishirini na miwili sijawahi kucheza na mwanaume mwenzangu hata siku moja. Naoza pale. Twende umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Amesema anataka kukuona Jumamosi, baada ya mazoezi. Amesema, niletee mama yako, nataka kuongea na mzazi."

Kocha kuita mzazi, ghafla tu, bila sababu? Mimi nilijua mtego nikiuona. Nilimwambia amegundua, anatafuta ushahidi, nikienda pale nikafungua mdomo faili lote litafunguka: kwamba si mama yake, kwamba miaka yangu si yangu, na watoto wangu wawili niliowazaa hapa Durban majina yao yako ndani ya faili lile lile. Watatufukuza sote. Nilisema kwa hasira, na mimi hasira yangu ina mdomo mrefu. Nilimwambia amelewa sifa. Nilimwambia kama si uongo wangu asingekuwa na shule, wala uwanja, wala hiyo jezi anayoringia.

"Vumilia," nikamwambia. "Miaka miwili ni nini?"

Nikangoja anijibu vibaya ili niendelee kugomba, lakini hakujibu vibaya. Alisema, "Bon, sawa. Jumamosi saa tisa. Mi nitakuwa getini." Akafungua mlango akaenda zake.

Jumamosi hiyo nilisuka bibi harusi na wapambe wake wanne. Harusi ilikuwa ya wiki iliyofuata, wangeweza kuja Jumatatu, lakini niliwaambia waje siku hiyo hiyo, wote watano, ili mtu akiuliza niwe na la kusema. Saa tisa ilipita. Saa kumi nilikuwa kwenye mpambe wa pili, namwambia mama yake jinsi mwanangu atakavyochezea timu kubwa. Mdogo wangu alirudi jioni, akaoga, akala. Hakuuliza na mimi sikueleza. Wiki hiyo yote aliniita "mama" hata ndani ya nyumba.

Akakaa na vijana ile miaka miwili. Alipopandishwa, karatasi ilisema kumi na tisa, naye ana ishirini na miwili na kitu. Mechi yake ya kwanza ya wakubwa nyumbani nilikwenda mwenyewe, na nguo mpya, na watoto wangu, na nusu ya kanisa. Walimwingiza dakika za mwisho mwisho. Uwanja mzima ulisimama, maana walikuwa wamemngoja muda mrefu kama sisi. Akapata mpira kule kushoto. Akausimamisha chini ya mguu. Akageuza uso kutazama pembeni.

Beki hakugeuka. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, mwenye kipara. Alinyoosha mguu akachukua mpira akaondoka nao.

Alijaribu tena. Safari hii akangoja beki ateleze, beki hakuteleza. Akamwekea bega, bega likagonga ukuta. Mara ya tatu akachelewa tu, mpira ukapita, na nikamwona mdogo wangu amesimama mikono kiunoni, anahema, anatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nyuma yangu mtu akauliza, "Eish, ndiye huyu huyu?" Mwenzake akacheka. Mwanangu mkubwa akaninong'oneza akiuliza kwa nini mjomba hakimbii, na mimi, Mungu anisamehe, nilimzaba kofi.

Alicheza misimu miwili ya kuingia na kutoka benchi. Wakampeleka kwa mkopo timu ya daraja la chini, huko nako wakamrudisha. Halafu mkataba ukaisha, na hakuna aliyemwita. Gazeti lile lile likaandika juu ya vijana waliosifiwa kabla ya wakati, na picha yake wakaiweka ya kwanza. Niliibandua ile ya kwenye kioo. Gundi ilibaki, alama ya mraba, na mpaka leo wateja wanauliza hapa palikuwa na nini.

Alilala kwangu miezi kadhaa bila kutoka, kisha akapata kazi Clairwood, kwenye ghala moja la mizigo inayotoka bandarini. Alianza kwa kubeba, sasa anaendesha forklift. Ni kazi nzuri, analipwa vizuri, hajawahi kukosa hata siku moja. Akahamia Isipingo, chumba chake mwenyewe. Na siku moja, tukiwa tunakula sombe, majani yetu ya muhogo, Jumapili, mume wangu aliuliza bila ubaya kama ana majuto. Mdogo wangu alitikisa kichwa.

"Hapana, shemeji. Sikuwa na mpira wa wakubwa, basi. Wengine wanao, mi sikuwa nao. Watu walinisifu bure." Akaongeza sombe. "Afadhali nilijua mapema."

Alisema kwa utulivu kabisa. Na mimi nilikuwa mezani pale pale. Nilikuwa na la kumwambia, kwamba haikuwa hivyo, kwamba ni ile miaka ya kukaa na watoto iliyomfanya aoze, na kwamba alikuwa amenionya kwa mdomo wake. Nikasema, "Nani anataka pilipili?" Huyo ndiye dada aliye naye.

Mwaka jana, mwezi wa harusi nyingi, aliingia saluni msichana wa Kizulu aliyetaka kusukwa rasta ndefu, na nyuma yake baba yake, mzee mfupi mwenye kofia. Nilimjua kabla hajaivua. Yeye alinitazama, akatazama kioo, akaangalia ile alama ya gundi, ndipo akasema, "Wewe ni mama wa winga wangu."

Tuliongea kwa Kiingereza changu cha saluni na Kizulu changu cha sokoni, naandika hapa kwa Kiswahili. Aliuliza habari za kijana. Nikamwambia yuko Clairwood, anaendelea vizuri. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye kiti cha wateja, na kwa muda tukawa tunaongelea mambo ya mvua na ya binti yake. Halafu akasema, kama mtu anayeuliza bei ya mkate, "Alikuwa na miaka mingapi kweli?"

Nilikuwa nimeshika nywele za binti yake. Nilitaka kusema uongo, ulimi uliijua njia. Lakini mzee huyu alikuwa ameshastaafu, mimi nimeshapata karatasi za kudumu, na nilikuwa nimechoka.

"Mitatu zaidi," nikasema. "Na mimi si mama yake. Ni dada yake."

Hakushtuka hata kidogo. "Mitatu," akasema. "Mimi nilidhani miwili."

"Ulijua?"

"Mama, mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote. Nilimwona ananyoa. Nilijua kuna kitu, ila sikujua ni kiasi gani, na hilo ndilo nilitaka kulijua. Nilikuwa nimewahi kumpandisha mtoto wa kumi na saba wa kweli, wakubwa wakamvunja mguu mwezi wa kwanza, mama yake akaja kulia ofisini kwangu. Nikaapa sitarudia. Kwa hiyo mwanao nilimuuliza: una miaka mingapi? Akaniambia, muulize mama yangu."

Jibu hilo nilimfundisha mimi. Mtu yeyote akikuuliza umri, nilimwambia, usiseme namba, sema muulize mama.

"Ndiyo maana nikakuita," kocha akasema. "Nilitaka neno moja tu kutoka kwa mtu wake, kwamba mifupa imekomaa. Ningempandisha wiki ile ile."

"Na makaratasi?" nikauliza. "Si wangefungua makaratasi?"

"Makaratasi ya nini? Mtoto wa kumi na saba anaruhusiwa kucheza na wakubwa. Yangebaki kama yalivyo. Mimi ningenyamaza, wewe ungenyamaza." Akaangalia kofia yake. "Nilikaa pale Jumamosi mpaka wakafunga geti. Alikuwa tayari, mama. Mwaka ule alikuwa bado na njaa. Miaka miwili baadaye, nilipompandisha mwenyewe bila kuambiwa, njaa ilikuwa imekwisha."

Binti alisema, "Unanivuta." Nikaomba radhi nikaendelea kusuka. Sijui nilimaliza vipi kichwa kile. Walipotoka nilifunga saluni mchana mweupe nikakaa chini kwenye nywele za watu, nikalia mpaka mume wangu akapigiwa simu.

Kila mtu angeweza kuwa na shauri, kwa hiyo sikumuuliza mtu. Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nilijiambia mdogo wangu ana haki ya kujua, kwamba nimemnyamazia vya kutosha, kwamba safari hii sitajificha nyuma ya bibi harusi. Siku ya tano nilipanda taxi mpaka Clairwood wakati wa chakula cha mchana.

Malori yalikuwa yamejaa barabara nzima, vumbi na dizeli, nikapita katikati yao nimeshika sketi. Nilimkuta amekaa nje ya ghala kwenye mbao za kupangia mizigo, peke yake, na fulana ya kung'aa ya kazini, anakula nusu mkate uliojazwa maharage. Aliponiona alisimama kwa hofu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Kaa."

Akakaa. Nikamweleza yote, tangu binti alivyoingia mpaka geti lilivyofungwa. Nilieleza vizuri, sikujitetea, hata yule bibi harusi nilimtaja na kwamba niliwaita makusudi. Nilisema, "Ulikuwa na mpira wa wakubwa. Kocha mwenyewe amesema. Ulikuwa tayari, mi ndiye niliyekuzuia." Nilidhani nampa kitu. Nasema kweli, nilidhani namrudishia kitu chake.

Aliacha kutafuna. Akaweka mkate chini kwenye karatasi yake, taratibu, akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Wiki ile ile?" akauliza.

"Wiki ile ile."

"Na karatasi zingebaki vile vile?"

"Zingebaki."

Ana miaka thelathini na miwili sasa, ya kuzaliwa. Ndevu zake zina nywele nyeupe mbili tatu, hazinyoi tena kila siku.

"Yaya," akasema, "mi nilikuwa nimeshamaliza. Unaelewa? Nilijiambia sikuwa na mpira, nikajiambia kila siku, miaka, mpaka nikaamini. Nilikuwa nalala. Sasa hii niipeleke wapi?"

"Nilitaka ujue."

"Wewe ndiye ulitaka." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, ningependa angenitukana tusi la nyumbani, lile la kumtukana mtu mama yake ambaye pia ni wako. "Ilikuwa inakukaa vibaya wewe, ukaja kuniachia mimi."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie hapo, watu watauliza. Kengele ya kurudi kazini ikalia, akanisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia taxi, akamwambia dereva anishushe karibu na ufuo nisitembee sana. Mkate wake aliuacha pale kwenye mbao.

Jumapili mbili hakuja kula. Ya tatu alikuja, amebeba matunda ya watoto, akasalimia kila mtu, na kwangu akasema "Yaya, sharp?" kama kawaida. Nikajipa moyo. Tulikula, halafu wanaume wakahamia kwenye televisheni kuangalia mechi. Mdogo wangu hakuwahi kukosa mechi ya Jumapili kwangu hata baada ya kuachwa na klabu. Alikuwa anakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, anawafundisha wachezaji kwa sauti, anacheka makosa yao, na watoto wangu wanamrukia kila bao likiingia. Huo ndio mpira aliokuwa amebaki nao. Siku hiyo alikaa sakafuni vile vile. Timu moja ilikuwa na winga mpya wa kushoto, na mtangazaji alikuwa hamalizi kumsifu. Mpira wa kwanza, winga akampita beki. Wa pili, akampita tena.

Mdogo wangu aliinuka. Alisimama katikati ya sebule, amewaziba wenzake, wala hakuna aliyemwambia asogee. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni na sahani, akaniuliza kwa adabu kabisa kama nyumba hii inaweza kuzima televisheni.